Kiti cha Lowndes Hakikumlinda Mnyonge

Kila mjadala wa mipaka ya uchaguzi unapopamba moto, hoja moja haikosi kusikika. Inasema kwamba tukihesabu vichwa peke yake, miji mikubwa itajichukulia kila kitu na vijiji vitabaki vikitazama. Watu wa shamba ni wachache, wametawanyika, hawana sauti magazetini wala jamaa kwenye mabenki. Basi haki ni kuwaongezea uzito bungeni, kila wilaya ipate mjumbe wake hata kama wakazi wake ni wa kuhesabika. Hoja hii imekubalika mno, tena na watu wenye nia njema, kwa sababu ina sura ya huruma. Sisi tuliolelewa kwa usemi wa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, tunaona haya kuipinga.

Mimi naipinga, na ushahidi wangu ni historia ya kiti kimoja: kiti cha kaunti ya Lowndes katika Seneti ya jimbo la Alabama, Marekani. Nimekichagua kwa makusudi. Lowndes ilipewa kila kitu ambacho watetezi wa hoja hii wanakidai. Ilikuwa kaunti ya mashamba, ndogo, isiyo na mji wa maana, na ilikuwa na seneta wake peke yake, mwenye kura sawasawa na seneta wa mji mkubwa kuliko yote jimboni. Kama kweli kuongeza uzito wa kura ya shamba humlinda mdogo, basi mdogo wa Lowndes angekuwa amelindwa kuliko mdogo yeyote duniani. Tuangalie alilindwa vipi.

Kwanza hesabu. Sensa ya 1960 iliikuta Alabama na watu 3,266,740. Seneti ya jimbo ilikuwa na viti 35, kwa hiyo seneta mmoja alipaswa kuwakilisha watu wapatao 93,000. Kaunti ya Jefferson, yenye jiji la Birmingham na viwanda vyake vya chuma, ilikuwa na watu 634,864. Ilipewa seneta mmoja. Lowndes ilikuwa na watu 15,417. Nayo ilipewa seneta mmoja. Mkazi mmoja wa Lowndes alihesabiwa kuwa na uzito wa wakazi 41 wa Jefferson. Ukizikusanya kaunti ndogo namna hiyo, robo tu ya wakazi wa jimbo, asilimia 25.1, walitosha kuchagua zaidi ya nusu ya maseneta.

Watetezi husema tofauti hiyo ilikuwa hekima ya wazee walioitunga katiba. Sivyo. Katiba ya Alabama ya 1901 iliagiza viti vigawanywe upya kila baada ya miaka 10 kwa kufuata sensa. Mgawo uliofanywa mwaka huohuo wa 1901 haukuguswa tena kwa miaka 60. Watu walihama mashambani, Birmingham ikafura, Lowndes iliyokuwa na zaidi ya watu 35,000 mwaka 1900 ikapungua hadi chini ya nusu yake, na wabunge waliokalia viti hivyo hawakutaka kusikia habari ya kuhesabu. Kilichoitwa hekima kilikuwa uvunjaji wa katiba, miongo sita mfululizo, uliofanywa na watu walioapa kuilinda.

Na katiba hiyo yenyewe ilitungwa kwa ajili gani? Mwenyekiti wa mkutano wa kuitunga, John B. Knox, hakuficha. Katika hotuba yake ya ufunguzi alitangaza kwamba lengo lilikuwa kusimika utawala wa Wazungu kwa njia ambazo katiba ya taifa isingeweza kuzizuia. Njia hizo ni kodi ya kupigia kura iliyolimbikizwa mwaka baada ya mwaka kwa asiyelipa, mtihani wa kusoma na kuandika, na sharti la kumiliki ardhi au mali. Katiba ilipopelekwa kwa wananchi, ilipita kwa sababu kaunti za ukanda wa udongo mweusi, Lowndes ikiwa mojawapo, zilitangaza kura nyingi ajabu za kuikubali. Hizi ni kaunti ambazo wakazi wake wengi walikuwa Weusi. Tuambiwe kwamba watu weusi walijitokeza kwa maelfu kupigia kura sheria ya kuwanyima kura! Katika kaunti nyingine za jimbo, zikijumlishwa pamoja, wengi waliikataa. Uzito wa Lowndes na jirani zake ulianza kwa kura zilizohesabiwa kwa jina la watu walioibiwa.

Sasa tuingie ndani ya kaunti yenyewe. Lowndes iko kati ya Selma na Montgomery, na makao yake makuu ni Hayneville. Watu wanne kati ya kila watano walikuwa Weusi, wengi wao wakilima ardhi ya matajiri na kugawana nao mavuno, au wakifanya vibarua. Makadirio ya miaka hiyo yanasema familia 86 za Wazungu zilimiliki asilimia 90 ya ardhi yote. Mwanzoni mwa 1965 watu weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa 5,122. Walioandikishwa kwenye daftari walikuwa sifuri. Wazungu wenye umri wa kupiga kura walikuwa 1,900, lakini daftari lilikuwa na majina yao 2,240. Waliokwisha kufa na waliokwisha kuhama walikuwa bado ni wapiga kura wa Lowndes, na mkulima mweusi aliyekuwa hai, aliyezaliwa pale na kulipa kodi pale, hakuwa mpiga kura.

Tazama basi maana ya kile kiti. Watu weusi wapatao 12,000 walihesabiwa ili kuipa kaunti haki ya kuwa na seneta. Wakishahesabiwa, kazi yao ilikwisha. Seneta alichaguliwa na Wazungu wasiofika 2,000, wakitanguliwa na wenye mashamba. Yule mnyonge wa shamba ambaye hoja ya huruma inamlilia alikuwa nje ya mlango wa ofisi ya uandikishaji. Machi 1, 1965, karibu watu 40 walikwenda Hayneville kutaka kuandikishwa, wakarudi mikono mitupu. Baadaye mwezi huohuo wakaandikishwa wawili, John Hulett na mwenzake, Weusi wa kwanza katika daftari la kaunti hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Wakulima waliofuata nyayo zao walifukuzwa kwenye mashamba, na familia zao zikaishi kwenye mahema kando ya barabara kuu namba 80. Kwa miaka yote hiyo Lowndes ilikuwa na seneta wake. Wala hakuwasemea hao.

Mtetezi atasema: hiyo ni dhambi ya ubaguzi, haihusiani na ukubwa wa eneo la uchaguzi, ondoa ubaguzi, acha kiti. Jibu langu ni kwamba viti vya kaunti ndogo ndivyo vilivyoutunza ubaguzi. Kaunti ya Macon, yenye mji wa Tuskegee na chuo chake maarufu cha Weusi, ilikuwa na seneta aliyeitwa Sam Engelhardt, mwenye mashamba makubwa na kiongozi wa chama cha Wazungu wapinzani wa usawa. Mwaka 1957 alipitisha sheria ya kuchora upya mipaka ya Tuskegee. Mji uliokuwa na umbo la mraba ukageuzwa kuwa na pande 28, na karibu wapiga kura wote weusi, waliofikia 400, wakajikuta wako nje ya mji wao. Walibaki wanne au watano. Hakutolewa Mzungu hata mmoja. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa sheria hiyo mwaka 1960. Na mwaka huohuo wa 1957 Alabama ilipitisha marekebisho ya katiba yaliyoruhusu kaunti ya Macon kufutwa kabisa na ardhi yake kugawiwa majirani, kwa kuwa Weusi wake walikuwa wanakaribia kuwa wengi kwenye daftari. Wale waliohubiri kwamba kila kaunti ni kitu kitakatifu kisichoweza kukosa kiti walikuwa tayari kuiua kaunti nzima mara tu watu wake walipoelekea kuimiliki.

Wala isidhaniwe kwamba walau Mzungu maskini wa shamba alifaidi. Kodi ya kupigia kura ilimfungia nje yeye pia, kwa maelfu mengi. Nao matajiri wa viwanda wa Birmingham, ambao kwa hoja hii walipaswa kuwa adui wa mashamba, walikuwa washirika wa wenye mashamba huko Montgomery, mji mkuu wa jimbo, wakikubaliana kuweka kodi chini na ujira chini. Mapambano ya mji na shamba ni hadithi iliyowafaa wote wawili. Mfanyakazi wa kiwanda cha chuma mjini na mkulima wa pamba Lowndes walikuwa upande mmoja, upande wa wasiohesabiwa.

Agosti 1961 wakazi kadhaa wa Jefferson, M. O. Sims miongoni mwao, walikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi iliyotoka Tennessee, kwamba mahakama zinaweza kusikiliza malalamiko ya namna hii, jambo ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa siasa tupu. Bunge la Alabama likastuka, na majibu yake yanafundisha. Lilipendekeza Seneti ya watu 67, kila kaunti seneta mmoja. Kwa mpango huo asilimia 19.4 tu ya wakazi wangeweza kuchagua maseneta wengi. Lilipotakiwa kupunguza dhuluma, bunge lilitafuta namna ya kuiongeza, na sababu iliyotolewa ilikuwa ileile: kila kaunti ina haki ya sauti yake.

Juni 15, 1964 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims. Majaji wanane waliunga mkono, mmoja, John Harlan, akapinga. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa: mbunge anawakilisha watu, hawakilishi miti wala ekari. Mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo yanapaswa kugawanywa kwa kufuata idadi ya watu, kwa kadiri inavyowezekana.

Hapo ndipo wapinzani walipotoa silaha yao kubwa, na bado wanaitumia: mbona Seneti ya taifa inaipa Wyoming maseneta wawili sawa na California? Mahakama ilijibu, na jibu lake halijavunjwa. Makoloni 13 yalikuwa mamlaka zilizojitawala, zikapatana kuunda taifa moja, na Seneti ilikuwa sehemu ya bei ya mapatano hayo. Lowndes haikuwahi kuwa nchi. Haikupatana na mtu. Ni bunge la Alabama lililoichora mwaka 1830, kama linavyochora barabara, na bunge lingeweza kuifuta, kama lilivyojiandaa kuifuta Macon. Kitu kilichoumbwa na jimbo kwa urahisi wa utawala hakiwezi kudai haki inayozidi ya raia wa jimbo hilo.

Silaha ya pili ilikuwa ya Colorado, nayo ni nzito zaidi. Mwaka 1962 wapiga kura wa Colorado, kwa kura 305,700 dhidi ya 172,725, walikubali mpango ulioipa mikoa ya mashamba viti zaidi ya hesabu yake katika Seneti. Kila kaunti ya jimbo iliukubali, hata Denver. Wengi wakiamua kujipunguza, nani awazuie? Siku ileile ya hukumu ya Alabama, Mahakama iliukataa mpango wa Colorado nao. Naiunga mkono bila kusita. Msemo wa wengi wape una mahali pake, lakini haki ya mtu kuhesabiwa sawa na mwenzake si ya jirani yake kuigawa. Aliyepiga kura ya hapana Denver mwaka 1962 hakukubali uzito wake upunguzwe, wala mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hakuulizwa. Tena mpango wa kumpunguzia mtu sauti ukishapita, njia ya kuuondoa hupita katika chombo kilekile ambacho sauti yake imepunguzwa. Wa-Alabama walijua hilo kwa miaka 60.

Katika bunge la taifa, Seneta Everett Dirksen wa Illinois aliongoza kampeni ya kubadili katiba ili hukumu hii ibatilishwe. Mara mbili, 1965 na 1966, alipata kura nyingi katika Seneti lakini hazikufika theluthi mbili. Yeye na wenzake walitabiri kwamba shamba litakufa likikosa kura zake za ziada. Utabiri unapimwa kwa yaliyotokea, na yaliyotokea Alabama yako wazi.

Lowndes ilipoteza seneta wake wa peke yake na kuunganishwa na kaunti nyingine. Kwa hesabu ya watetezi, hiyo ilikuwa hasara. Lakini Agosti 1965 Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilipita, watu wa Lowndes wakaandikishwa, wakaunda chama chao cha kaunti, na ingawa walishindwa uchaguzi wa 1966, mwaka 1970 John Hulett, mmoja wa wale wawili wa kwanza kuandikishwa, alichaguliwa kuwa mkuu wa polisi wa kaunti. Mwaka huohuo Fred Gray, wakili aliyeipigania Tuskegee mahakamani, na Thomas Reed wakaingia bungeni Montgomery, Weusi wa kwanza tangu karne ya 19. Mwaka 1974, baada ya mahakama kuamuru kila eneo la uchaguzi liwe na mjumbe mmoja na watu wanaolingana, waliingia Weusi 13 katika Baraza la Wawakilishi na wawili katika Seneti. Na hao maseneta wawili, U. W. Clemon na Richmond Pearson, walitoka wapi? Birmingham. Jiji lilipopata viti vyake halali ndipo Seneti ya Alabama ilipofunguka. Mwaka 1983 Hank Sanders, wakili wa Selma, alichaguliwa kuwa seneta, na eneo lake namba 23 likaja kuijumuisha Lowndes. Alikaa hadi 2018. Lowndes yenye seneta wake peke yake haikuwa na wa kuwasemea walio wengi. Lowndes iliyogawana seneta na majirani ilimpata.

Nakubali kwamba usawa wa idadi hautoshi. Mapema Oktoba 1965 mahakama ilikuta bunge la Alabama likitumia mgawo mpya kuunganisha kaunti zenye Weusi wengi na zenye Wazungu wengi ili Weusi wasishinde popote. Mwaka 2012 bunge hilohilo lilichora eneo la Seneti namba 26, huko Montgomery, likaongeza watu 15,785, na kati yao Wazungu walikuwa 36 tu. Weusi walirundikwa sehemu moja ili kura zao zisisikike kwingine. Mahakama ya Juu iliurudisha mpango huo mwaka 2015, na ilisema wazi kwamba usawa wa idadi ni msingi wa kuanzia, hauwezi kuwa kisingizio cha kugawa watu kwa rangi. Lakini angalia: ujanja huo uligundulika kwa kuwa kila eneo lilikuwa na watu wanaolingana. Idadi zikiwa sawa, mchoraji hana pa kuficha mkono wake. Zikiachwa zitofautiane kwa mara 41, mwizi hahitaji hata kalamu.

Wapo watakaonionyesha Lowndes ya leo. Watu wake wamepungua hadi wapatao 10,000. Nyumba nyingi hazina mfereji wa maji machafu, na udongo mzito wa ukanda huo haunyonyi, kwa hiyo kinyesi hujikusanya uani. Mwanamke aliyekulia huko, Catherine Coleman Flowers, ametumia miaka mingi kuufanya ulimwengu ujue, na mwaka 2023 serikali ya taifa ilifikia makubaliano na idara ya afya ya jimbo ili jambo hilo lirekebishwe. Wataniuliza: usawa wako umewasaidia nini? Nami nauliza: mabomba hayo yalipaswa kuchimbwa lini? Miji mingi ya Marekani ilijengewa mifumo yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Katika miaka hiyo Lowndes ilikuwa na sauti Montgomery inayozidi ya raia wa Birmingham mara nyingi mno. Kama kiti kizito kingeleta maji na choo, vingekuwa vimefika kabla ya 1964. Umaskini wa leo ni deni lililoachwa na kiti hicho.

Anayetaka kweli kumlinda mtu wa shamba anazo njia. Aipe kaunti mamlaka ya kuamua mambo yake, kinyume cha katiba ya 1901 iliyoilazimisha kaunti kuomba ruhusa Montgomery kwa mambo madogo hadi marekebisho yake yakazidi 900. Aandike katika bajeti kanuni inayopeleka fedha penye mahitaji. Aweke haki za msingi mahali ambapo wingi wa bunge hauzifikii. Aongeze ofisi na usafiri kwa mjumbe anayewakilisha eneo pana. Njia zote hizi zinamfikia mkulima mwenyewe. Kura ya ziada haimfikii. Inamfikia anayeishika kaunti, na penye umaskini mkubwa anayeishika kaunti huwa mwenye ardhi.

Kwa hiyo, mtu akisimama kudai kiti cha ziada kwa jina la wanyonge wa shamba, aulizwe kwanza ni nani aliyeandikwa kwenye daftari huko, nani anayemiliki ardhi, na nani atakayekikalia kiti. Akishindwa kujibu, asipewe. Mnyonge haki yake ni kuhesabiwa mmoja kamili, palepale alipo, sawa na tajiri wa mji na sawa na mwenye shamba analolilima.